Faida Hufuata Waya: Kisa cha Upepo wa Ziwa Turkana

Kuanzia Machi 2017 hadi Septemba 2018, kusini-mashariki mwa Ziwa Turkana kulikuwa na kioja. Mitambo 365 ya upepo ilikuwa tayari. Misingi imemwagwa zege, minara imekazwa nati, mapanga yamefungwa, na upepo unavuma kama ulivyovuma tangu enzi za mababu. Hata hivyo, hakuna yuniti hata moja iliyofika Nairobi, kwa sababu waya wa kuupeleka umeme Suswa, kwenye kituo cha gridi ya taifa, mwendo wa zaidi ya kilomita 400, haukuwa umemalizika. Na deni lilikuwa limeshaanza kuhesabiwa.

Mradi wenyewe unaitwa Lake Turkana Wind Power. Una uwezo wa megawati 310, uligharimu zaidi ya yuro milioni 600, na Rais Uhuru Kenyatta alipoufungua rasmi Julai 2019 ulitajwa kuwa uwekezaji mkubwa kuliko wote wa watu binafsi katika historia ya Kenya. Uko Kaunti ya Marsabit, eneo bunge la Laisamis, katika nchi ya Warendille, Wasamburu, Waturkana na Waelmolo, ambako kabla ya hapo serikali ilionekana kwa nadra na lami haikuonekana kabisa.

Faida za kawi ya upepo huandikwa kama orodha ya kwenda sokoni: hewa safi, umeme nafuu, ajira, barabara. Katika kisa hiki karibu kila kitu kwenye orodha hiyo kipo na kinapimika. Ninachotaka kufuatilia ni njia ambayo kila faida ilipita, ilimfikia nani na ilichukua muda gani. Kwa jinsi ninavyoisoma miaka hii yote, faida hazikufuata upepo ulikotoka. Zilifuata waya, mkataba na hatimiliki.

Kwa nini pale

Kati ya nyanda za juu za Ethiopia na nyanda za juu za Kenya kuna uwazi mpana wa nchi ya chini. Hewa inayotoka Bahari ya Hindi husukumwa humo ikielekea Sudan Kusini, na kwa kuwa milima imeibana pande zote mbili, haina budi kuongeza mwendo, kama maji ya bomba ukiziba mdomo wake kwa kidole gumba. Wataalamu wa hali ya hewa wanaujua mkondo huo kwa jina la ziwa lenyewe. Eneo la mradi liko kati ya Mlima Kulal na Mlima Nyiru, ambayo inaubana upepo kwa mara ya pili. Wastani wa kasi hapo ni takriban mita 11 kwa sekunde.

Hiyo 11 inahitaji maelezo kidogo, maana ndiyo uti wa mgongo wa biashara yote. Nguvu iliyomo ndani ya upepo hupanda kwa kipeo cha tatu cha kasi. Upepo wa mita 11 hauzidi ule wa mita 7 kwa nusu tu na ushei. Una nguvu karibu mara nne. Mashamba mengi ya upepo ya nchi kavu duniani huzalisha kati ya asilimia 25 na 40 ya uwezo wao kwa mwaka. Hili lilitarajiwa kuvuka asilimia 60, na hata matokeo halisi yaliyokuwa chini ya hapo yameliweka miongoni mwa mashamba bora kabisa.

Upepo wa Turkana una tabia nyingine, ambayo mwanzoni ilionekana ndogo na baadaye ikawa kubwa. Hupata nguvu usiku na alfajiri, kisha hulegea alasiri. Tuiweke hiyo akiba.

Mapanga 1,095 na barabara moja

Mitambo iliyochaguliwa ni ya kampuni ya Vestas, kila mmoja kilowati 850, na kipenyo cha mita 52. Wakati ujenzi ulipoanza, Oktoba 2014, watengenezaji walikuwa tayari wanauza mitambo ya megawati 3. Kwa nini basi kuchukua midogo 365 badala ya mikubwa mia moja hivi? Upepo mkali ni sababu mojawapo, kwani mtambo mdogo hauteswi sana na vishindo vyake. Sababu nyingine ni safari. Panga la mtambo huu lina urefu wa takriban mita 25. Panga la mtambo mkubwa wa wakati huo lingekuwa na urefu mara mbili, na lori la kulibeba lingehitaji kona pana, madaraja imara na kreni kubwa mahali ambapo hapakuwa na hata kimojawapo.

Kutoka bandari ya Mombasa hadi eneo la mradi ni karibu kilomita 1,200. Sehemu kubwa ni barabara kuu ya kawaida, lakini ukifika Laisamis, kwenye barabara ya Isiolo kwenda Moyale, unakunja kushoto kuingia jangwani, na hapo ndipo kulikuwa na taabu. Kilomita 208 kutoka Laisamis hadi eneo la mradi zilijengwa upya kwa changarawe, serikali ya Uholanzi ikisaidia gharama. Mapanga 1,095 yalipita hapo, pamoja na vipande vya minara, transfoma, saruji na kila kitu kilichohitajika kulisha na kulaza mamia ya wafanyakazi.

Kwa mtu wa Nairobi barabara ya changarawe si habari. Kwa mfanyabiashara wa samaki wa Loiyangalani, kwa mfugaji mwenye mbuzi wa kuuza, kwa mama mwenye uchungu wa uzazi anayehitaji hospitali, safari iliyokuwa ikila siku nzima na pengine kulala njiani ikageuka kuwa ya saa chache. Ukiniuliza faida kubwa kuliko zote ambayo mradi huu uliiletea Marsabit yenyewe, nitasema ni barabara hii. Nasema hivyo nikijua kwamba haikujengwa kwa ajili yao. Ilijengwa kwa ajili ya mapanga, na watu wakaipata kwa sababu barabara haina namna ya kuchagua mpitaji. Wapo waliolipa gharama yake pia: maboma ya Sarima yaliyokuwa njiani yalilazimika kuhama.

Ajira ndilo jambo ambalo wanasiasa hupenda kulitaja na ambalo hupita haraka. Wakati wa ujenzi kulikuwa na kazi kwa watu zaidi ya 2,000, wengi wao wenyeji: walinzi, madereva, mafundi, wapishi, vibarua. Ujenzi ulipokwisha, idadi ikashuka hadi mamia machache. Hilo si kosa la kampuni. Mtambo wa upepo ukishasimama hauhitaji watu wengi. Huhitaji fundi wa kuupanda mara kwa mara na mtu wa kuangalia skrini. Kosa ni kuwaahidi vijana kazi ya miaka 20 wakati iliyopo ni ya miaka mitatu. Kijana aliyeuza ng'ombe afungue kibanda cha chakula kambini alijifunza hilo kwa hasara.

Hesabu za nchi

Huku ndiko mradi unakong'ara, na haifai kuuficha ukweli huo kwa sababu ya lawama zinazokuja mbele.

Mwaka 2018 umeme wote wa upepo wa Kenya ulikuwa chini ya gigawati-saa 400 (gigawati-saa moja ni yuniti milioni moja). Mwaka 2019, mwaka wa kwanza kamili wa Turkana kwenye gridi, ulivuka 1,500. Mitambo ya mafuta, ambayo katika ukame wa 2017 ilizalisha zaidi ya gigawati-saa 2,000, mwaka 2019 ilizalisha takriban 1,300. Si haki kuupa upepo sifa yote, kwa sababu mvua zilikuwa zimerudi na umeme wa mvuke wa ardhini wa Olkaria nao uliongezeka. Lakini sehemu yake inaonekana wazi.

Mtambo mzuri wa dizeli nzito huchoma karibu gramu 215 za mafuta kwa yuniti moja. Yuniti bilioni moja ambazo hazikuzalishwa kwa dizeli ni zaidi ya tani 200,000 za mafuta ambazo hazikununuliwa kwa dola, hazikupakuliwa Mombasa na hazikuchomwa karibu na makazi ya watu. Kwa upande wa hewa ya ukaa, nyaraka za mradi katika mpango wa Umoja wa Mataifa wa kupunguza gesi chafu zilikadiria tani 736,000 hivi kwa mwaka. Makadirio hayo hayajachukulia kwamba kila yuniti ya upepo inaondoa yuniti ya dizeli. Yamechukua mchanganyiko wa gridi ya Kenya, ambao tayari una maji na mvuke kwa wingi. Ndiyo maana ukigawanya unapata karibu nusu kilo kwa yuniti, wakati dizeli peke yake ingekuwa inakaribia gramu 700. Nchi ingekuwa ya makaa ya mawe, mitambo hii hii ingeokoa karibu maradufu.

Jingine ambalo halipewi uzito wa kutosha ni maji. Kenya imezoea kwamba mvua ikikatika, mabwawa ya Mto Tana hushuka, na mabwawa yakishuka, mitambo ya mafuta huwashwa na bili hupanda mwezi unaofuata. Upepo wa Turkana hausubiri mvua. Kila yuniti yake ya usiku ni maji yaliyobaki kwenye bwawa la Masinga kwa ajili ya jioni ya kesho. Faida hiyo haionekani kwenye ripoti ya shamba la upepo hata kidogo. Inaonekana kwenye kina cha bwawa lililo kilomita mamia kadhaa kutoka hapo.

Sasa bei. Mkataba wa miaka 20 na Kenya Power, kampuni inayosambaza umeme nchini, uliweka bei ya msingi ya senti 7.52 za yuro kwa yuniti. Tukichukua mitambo inayofanya kazi kwa asilimia 55, tunapata karibu yuniti bilioni 1.5 kwa mwaka, au yuro milioni 112 za malipo. Kwa kulinganisha na dizeli, ambayo mafuta yake pekee mara nyingi hugharimu zaidi ya hapo kabla hujalipia mtambo, bei ni nzuri. Lakini tazama sarafu. Yuro ilipokuwa karibu shilingi 110, yuniti ile ilikuwa shilingi 8 na kidogo. Mwanzoni mwa 2024, shilingi ilipodondoka hadi 160 kwa dola na yuro ikavuka 170, yuniti ile ile, kutoka upepo ule ule, ikafika karibu shilingi 13.

Mkenya anayenunua tokeni za stima anaweza kuliona hili akiwa na subira ya kusoma ujumbe wote kwenye simu. Kuna mstari wa gharama ya mafuta na kuna mstari wa marekebisho ya fedha za kigeni. Upepo huusukuma wa kwanza kushuka. Shilingi ikidhoofika, mkataba wa yuro huusukuma wa pili kupanda. Mtu anayeambiwa kwamba upepo umeshusha bei ya stima, kisha akaangalia jumla, ana haki ya kuuliza maswali. (Wanaosema basi tungebaki na mafuta wanasahau kwamba nayo hununuliwa kwa dola.)

Saa tisa usiku

Turudi kwenye ile akiba. Chukua usiku wa kawaida katika miaka ya mwanzo ya mradi, na mhandisi wa zamu katika kituo cha kuongoza gridi, Juja Road. Saa mbili usiku nchi nzima inapika, inatazama televisheni, na mahitaji yako karibu megawati 1,900. Kufikia saa tisa yameshuka hadi takriban 1,200. Olkaria peke yake inaweza kutoa zaidi ya 800, na mvuke si bomba la kufungwa na kufunguliwa kila usiku; ukipunguza mtambo, mvuke hutolewa hewani na kupotea. Baadhi ya mabwawa lazima yaendelee kutoa kiasi fulani ili gridi itulie. Na saa hiyo hiyo, kati ya Kulal na Nyiru, upepo ndio kwanza unapamba moto: megawati 300 zinagonga mlango.

Jumlisha mwenyewe, umeme wa mabwawa ukiwemo. Haziingii. Mhandisi hupiga simu au hutuma amri, na mapanga hugeuzwa ubavu ili yasishike upepo. Mtu akiyaona asubuhi yamesimama atadhani yameharibika.

Kwa mujibu wa mkataba, umeme ambao kampuni ingeweza kuuzalisha lakini ikaambiwa isizalishe huhesabiwa kana kwamba umezalishwa, na hulipiwa. Hili halikumshangaza kila mtu. Benki ya Dunia ilijiondoa kwenye mradi mwaka 2012 kwa hofu hiyo hiyo, kwamba Kenya ingejifunga kulipia umeme isioweza kuutumia. Benki ya Maendeleo ya Afrika ikashika usukani wa kutafuta fedha, na Desemba 2014 zikapatikana. Nani alikuwa sahihi? Kwa maoni yangu, wote wawili. Mradi ulistahili kujengwa, na onyo lilikuwa la kweli. Kilichokosekana kati yao ni mtu wa kupanga matumizi ya usiku: kuuza Uganda, bei nafuu ya usiku kwa viwanda, kusukuma maji, betri. Mengi ya hayo yalianza kuzungumzwa kwa dhati baada ya mapanga kugeuzwa ubavu.

Waya uliochelewa

Sasa ile miezi 18. Makubaliano yaligawa kazi kati ya pande mbili. Wawekezaji wajenge shamba la upepo. Serikali, kupitia KETRACO, shirika lake la kusafirisha umeme, ijenge laini ya kilovolti 400 hadi Suswa. Laini ilipewa kampuni ya Uhispania, Isolux Corsán. Njiani kulikuwa na mashamba ya watu wengi, kila mmoja na fidia yake ya kujadiliwa, na kazi ikawa inakwenda kwa kusuasua. Kisha Isolux yenyewe ikafilisika mwaka 2017. Wakandarasi wa Kichina wakaitwa wamalizie, wakamaliza, na Septemba 2018 umeme ukapita.

Wakati huo wote kampuni ya upepo ilikuwa imetimiza ahadi yake na mnunuzi hakuwa na njia ya kupokea bidhaa. Mkataba ulisema nini kitokee, na kikatokea: faini ya mabilioni ya shilingi, sehemu ikalipwa na hazina na sehemu ikaingizwa kwenye bei ya umeme kwa miaka iliyofuata. Yaani mwananchi alilipia upepo kabla haujamfikia, na akaendelea kuulipia uchelewaji wake hata baada ya kufika.

Nimesikia watu wakiiita faini hiyo ulafi wa wawekezaji. Sikubaliani nao kabisa. Aliyekopa mamia ya mamilioni ya yuro anadaiwa riba kila mwezi, waya uwepo usiwepo. Lawama yangu iko kwenye mpangilio. Miradi miwili ambayo kila mmoja haufai kitu bila mwenzake ilipewa ratiba mbili, fedha za njia mbili na wakubwa wawili, halafu hatari yote ya kutokutana ikawekwa begani mwa upande mmoja, na upande huo hatimaye ni mnunuzi wa tokeni.

Laini ilipokamilika ikaleta swali la aina nyingine. Agosti 25, 2023, karibu nchi nzima ilizama gizani, hata uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta. Kenya Power ilitaja kupotea kwa umeme wa Turkana. Kampuni ya upepo ikajibu kwamba ilikuwa inatoa megawati 270, karibu asilimia 15 ya umeme wote wa nchi wakati huo, na kwamba ilisukumwa nje na volteji iliyopanda kupita kiasi kwenye gridi. Sitaamua ugomvi huo hapa. Ninachokiona ni kwamba sehemu moja kwa saba ya umeme wa taifa ilikuwa inaning'inia kwenye uzi mmoja mrefu sana. Megawati hizo hizo zingekuwa zimegawanywa Turkana, Kajiado na pwani, uzi mmoja ukikatika usingevuta nguo yote.

Ardhi

Ekari 150,000 zilikodishwa, ingawa mitambo yenyewe iko kwenye eneo la ekari 40,000 hivi, na hata humo misingi na barabara vimechukua sehemu ndogo tu. Ng'ombe, mbuzi na ngamia wanaweza kulisha chini ya mapanga. Kimazingira hii ni sifa kubwa ya upepo: bwawa huzamisha bonde, mgodi huchimbua kilima, lakini shamba la upepo huacha malisho yakiwa malisho.

Lakini malisho ni kitu kimoja na umiliki ni kingine. Ardhi ile ilikuwa ya dhamana, iliyoshikiliwa na Baraza la Kaunti ya Marsabit kwa niaba ya wenyeji. Kabla ya kuitoa, sheria ya wakati huo ilitaka notisi itangazwe, bodi ya ardhi ya tarafa ikae na kusikiliza watu, na fidia ijulikane. Wakazi walikwenda mahakamani mwaka 2014 wakisema hayo hayakufanyika inavyostahili. Oktoba 2021 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Meru iliwakubalia: hatimiliki zilipatikana kinyume cha utaratibu. Mahakama haikuamuru mitambo ing'olewe. Ilitoa mwaka mmoja wa kurekebisha. Mwaka ukapita, na Mei 2023 ikakataa kuongeza muda.

Katiba ya 2010 iliigeuza ardhi ya dhamana kuwa ardhi ya jamii, na Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 ikaeleza jinsi jamii inavyojisajili na kuingia mikataba. Ukodishaji wa Turkana ulifanywa kabla tu ya mlango huo kufunguliwa. Ungefanywa miaka michache baadaye, upande wa pili wa meza ungekuwa na jamii iliyosajiliwa, na pengine fungu la mapato kila mwaka badala ya miradi ya hisani. Kampuni ina wakfu wake unaojenga madarasa, zahanati na visima, na vimewafaa watu. Hata hivyo darasa ni zawadi, na anayetoa zawadi ndiye anayeamua ukubwa wake.

Mifano miwili ya nyumbani inatosha kuonyesha kwamba njia zilikuwa zaidi ya moja. Kinangop, Nyandarua, mradi wa megawati 60 ulikwama kwa maandamano ya mwaka 2015, mtu akapoteza maisha, na baadaye ukaachwa kabisa. Hapo upepo ulikuwepo, fedha zilikuwepo, wakulima wenye vishamba vidogo hawakukubali. Kipeto, Kajiado, megawati 100, wenye ardhi ni Wamaasai wenye hati zao mkononi. Wanalipwa kodi ya ardhi pamoja na sehemu ya mapato, na jamii imetengewa fungu lake. Kwa kuwa eneo lina tai walio hatarini kutoweka, kuna waangalizi wanaosimamisha mtambo ndege wakikaribia. Laini ya kufika gridini ilikuwa fupi, karibu kilomita 17. Kipeto haina upepo wa Turkana na haiwezi kuota kuupata. Lakini mzee mwenye mtambo shambani kwake, ukisimama upepo, anajua ni pesa ngapi zimesimama.

Njia panda ya Laisamis

Wageni huuliza kila mara: vipi watu wanaoishi chini ya mitambo ile hawana stima? Jibu la kihandisi ni fupi. Laini ya kilovolti 400 ni kama basi la Nairobi kwenda Mombasa lisilosimama Emali. Ili mji mdogo upate umeme kutoka kwayo, lazima kijengwe kituo cha kuishusha volteji hatua kwa hatua, na kituo hicho hugharimu pesa ambazo wateja elfu mbili tatu hawawezi kuzirudisha kwa bili zao katika maisha yao yote. Kwa hiyo lazima mtu mwingine alipe, na hilo huamuliwa wakati mkataba mkubwa unaandikwa, kabla wino haujakauka. Ukishasainiwa, hakuna tena mwenye haraka. Kati ya yuro zaidi ya milioni 600, kituo kimoja cha aina hiyo kisingeonekana.

Haikuandikwa. Baada ya umeme wa upepo kuanza kutiririka kwenda Suswa, Laisamis iliendelea kuwashwa na jenereta. Malori ya mapanga yalikuwa yakifika pale njia panda, yakikunja kushoto kuelekea ziwani. Malori ya dizeli yalikuwa yakisimama papo hapo na kushusha.